Kumlisha mbwa mdogo ili meno yadumu: ugali, dagaa na koromeo

Mbwa mkubwa wa kulinda ua na mbwa mdogo wa kilo 5 wana idadi ileile ya meno, 42. Tofauti ni taya. Kwa mdogo meno husongamana, mengine hukaa upande, na chakula hunasa katikati. Saa chache baada ya kula, utando laini wa bakteria hufunika jino. Usipoondolewa, katika siku 2 au 3 madini yaliyomo kwenye mate huugandisha kuwa ukoga mgumu wa njano au kahawia. Ukoga ukishaingia chini ya ufizi, mfupa unaoshika jino huanza kuliwa na jino hulegea. Chakula hakiwezi kubandua ukoga uliokwisha kuganda. Kinachoweza kufanya ni kukwangua utando ungali laini.

Kigoma mbwa wengi hula ugali uliorojwa kwa mchuzi wa dagaa. Tumbo linashiba, lakini uji ule hautafunwi: unamezwa, na mabaki yanakaa kando ya ufizi. Ugali wa muhogo ndio mbaya zaidi kwa sababu unanata. Tumia dona, usonge mgumu, uache upoe, ukate vipande vya unene wa kidole, kisha uvikaushe kwenye kikaango bila mafuta hadi vifanye ganda. Havitageuka mswaki, ila havigandi mdomoni. Mchuzi mpe pembeni, kidogo, usio na chumvi wala kitunguu. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa.

Kwa mbwa mzima wa kilo 5 anayetembea kiasi, siku moja inatosha gramu 150 za ugali huo, gramu 30 za dagaa wakavu, gramu 50 za nyama iliyochemshwa bila mfupa, na vijiko 2 vya boga au mchicha. Gawa mara mbili. Badilisha kutoka chakula cha zamani polepole kwa siku 7, la sivyo ataharisha na utadhani dagaa ndio wabaya.

Dagaa wanahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Walioanikwa mchangani hubeba chembe za mchanga, na mbwa akizitafuna kila siku zinasaga jino kama msasa hadi magego yanakuwa butu. Ukienda soko la samaki la Kibirizi, chagua walioanikwa kwenye vichanja hata kama bei iko juu. Waoshe kwa maji matatu, kila mara ukiacha mchanga utuame chini ya beseni. Wenye chumvi waloweke nusu saa, umwage maji, urudie. Kisha wakaange bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, na umwekee mbwa juu ya chakula wakiwa wakavu. Mifupa yao laini humpa kalsiamu, ambayo ugali na nyama peke yake havina ya kutosha. Mtoto wa mbwa akiikosa, taya lenyewe hulainika. Samaki aitwaye mgebuka ni habari nyingine: toa miba yote, maana hukwama kwenye kaakaa.

Kazi kubwa hufanywa na kitu cha kutafuna. Buchani omba koromeo la ng'ombe, lile bomba la hewa. Ondoa mafuta, chemsha dakika 20, kata vipande vya sentimita 8, anika juani chini ya chandarua siku 2 au 3 hadi vikauke kabisa. Kati ya Novemba na Aprili, mvua ikizuia kuanika, kausha juu ya jiko lenye makaa yanayofifia. Mpe kipande kimoja mara 3 kwa wiki, baada ya mlo, ukiwa karibu. Kikibaki kidogo cha kumezeka, kichukue. Kipande kiwe kikubwa kuliko mdomo tangu mwanzo, kwani mbwa mdogo mwenye pupa humeza kizima na meno hayaguswi. Ndiyo maana hata chakula kikavu cha dukani chenye punje ndogo hakisafishi meno vizuri.

Kipimo cha ugumu: bonyeza kwa ukucha. Kisipobonyea, kinaweza kuvunja gego. Mfupa wa paja la ng'ombe na kwato vinaangukia hapo. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali. Gunzi la mahindi na kokwa la embe huziba utumbo, muwa ni sukari na nyuzi zinazonasa, na muhogo mbichi una sumu.

Chakula kizuri bado huacha sehemu za nyuma. Kila jioni funga kitambaa safi chenye maji kwenye kidole, upanguse upande wa nje wa meno, ukianzia kwenye ufizi. Usitumie dawa ya meno ya watu. Baadhi zina zailitoli (xylitol), kitamu mbadala wa sukari, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Akifika miezi 7 angalia chonge: ukiona mbili zimesimama pamoja, la utotoni halijang'oka na daktari wa mifugo alitoe. Mpeleke pia akinuka mdomo sana, akitafuna upande mmoja, au akivimba chini ya jicho, kwa kuwa hapo ndipo mzizi wa gego kubwa la juu hutunga usaha. Usikwangue ukoga kwa kisu: utaacha mikwaruzo kwenye jino, na ule wa chini ya ufizi utabaki palepale.