Kabla ya jembe la kwanza, una maji?

Huku Newala ukitangaza kwamba unajenga, watu watakuuliza una bati ngapi. Mimi nauliza maji. Uwanda wetu wa Makonde uko juu, maji ya ardhini yako mbali chini, na zege halichanganywi kwa mate.

Sisi tulianza vibaya. Hela ya korosho iliingia Novemba, mume wangu akashusha simenti mifuko 40 na kuita mafundi. Boza la maji tulilolipia likaharibika njiani, mafundi wakalala siku tatu chini ya mkorosho huku wakidai posho. Mara mvua ikafungulia, kingo za mtaro wa msingi zikaporomoka. Mifuko 11 tuliyoilaza juu ya sakafu ya udongo ikaganda. Mpaka leo ndiyo ngazi ya kupandia uani.

Msimu uliofuata nilishika daftari mimi. Hela ya korosho ikiingia, chimba kisima cha mvua kwanza, msingi usubiri. Chetu kina urefu wa mita 2.5, upana 2 na kina 2, yaani lita 10,000. Kijengee kwa tofali, kipige lipu yenye dawa ya kuzuia maji, kifunike kwa zege na mfuniko wa kufuli, maana watoto hawaambiliki. Nyumba huna bado, lakini jiko la nje huna? La kwetu lina bati 12, kama mita 25 za mraba. Mvua ya milimita 20 tu inakupa lita 500. Weka mfereji wa bati na kitambaa cha kuchujia. Mvua za mwanzo ziache zioshe bati, usizipeleke kisimani.

Mfuko wa simenti wa kilo 50 unakunywa lita 25 hadi 30 kwenye zege, na hapo hujamwagilia tofali wala msingi wiki nzima. Piga hesabu mwenyewe.

Hela inayobaki nunua vitu visivyooza: mchanga, kokoto, nondo (zipandishe juu ya magogo na uzifunike). Simenti nunua wiki ya kazi.

Wakati mvua inanyesha, malizana na karatasi. Kijijini ni serikali ya kijiji na hati ya kimila. Mjini ni halmashauri na kibali cha ujenzi. Ita majirani wote wasimame mpakani, waone. Na uulize mikorosho iliyomo ni ya nani! Ardhi inaweza kuuzwa na huyu, mti ukawa wa yule, au umewekwa rehani kwa mwingine. Maneno hayo yaishe kabla hujakata tawi.

Mei mvua ikikatika, ng'oa visiki mpaka mizizi. Kisiki kilichobaki chini ya chumba ni karamu ya mchwa. Halafu fundi aseti, yaani apige vigingi na kamba za msingi. Usiende kupika chai, simama hapo. Kwenye kona pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama lazima isome 5 kamili. Kisha vuta futi ya kamba kona hadi kona ya mkabala ya nyumba nzima, kotekote; vipimo viwili lazima vilingane. Kwetu vilipishana sentimita 8. Fundi akasema "itajificha kwenye lipu, mama." Nikamwambia ang'oe vigingi. Alinuna, lakini aling'oa, na saa nne tukawa tumepata sawa.

Jembe la kwanza kwetu hapigi fundi, anapiga mjomba, ndugu wa mama. Mtumie nauli mapema. Wetu alitoka Masasi na basi la asubuhi, akasoma dua, akapiga mara tatu kona ya mashariki, akanirudishia jembe. Kisha akaomba maji ya kunawa. Nikafungua kufuli ya kisima, nikachota ndoo.