Makro inayoandika makro ikigoma, anzia hapa

Huku Moshi natunza mafaili ya Excel ya mizani ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Kila kituo cha kupokelea kina faili lake. Makro moja mama (programu ndogo iliyoandikwa kwa VBA, lugha ya msimbo ya Excel) huyaunda yote, kisha huyaandikia msimbo wa kukagua uzito. Ikigoma, napita njia hii.

1. Hitilafu 1004: "Programmatic access to Visual Basic Project is not trusted". Usiguse msimbo wako, hauna kosa. Excel ndiyo imefunga mlango, na ina sababu: kirusi cha Melissa cha mwaka 1999 kilijinakili kwenye Word kwa mtindo huuhuu. Nenda File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Macro Settings, utie tiki kwenye "Trust access to the VBA project object model". Tiki hiyo hukaa kwenye kompyuta, haisafiri na faili. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima kwa hilo: kwangu inakubali, kwa karani inagoma, nami nasaka kosa ndani ya msimbo! Kazi ikiisha, iondoe.

2. Hitilafu 50289. Mradi wa VBA, yaani msimbo wote wa faili, umefungwa kwa nywila. Ufungue kwa mkono, basi.

3. Hitilafu 9. Umeita jina lisilokuwepo. Shiti lililoandikwa "Kibosho" chini ya dirisha, VBA huenda inalijua kama Sheet3. Jina hilo la ndani ndilo CodeName. Kwa hiyo andika (wb ni faili, ws ni shiti):

`wb.VBProject.VBComponents(ws.CodeName)`

Shiti likiwa limezaliwa sasa hivi, CodeName yaweza kurudi tupu. Fungua dirisha la VBA kwa Alt+F11, ujaribu tena.

4. Mistari myekundu ndani ya moduli mpya (ukurasa wa msimbo). Hapa ndipo wengi wetu tunapolia. Alama ya kunukuu iliyo ndani ya maandishi lazima iandikwe mara mbili:

`s = "MsgBox ""Uzito umezidi"""`

Ukikosa moja tu, sentensi nzima inavurugika. Mimi siandiki moja kwa moja kwenye moduli. Kwanza `Debug.Print s`, nafungua dirisha la Immediate kwa Ctrl+G, nasoma kilichotoka kwa macho yangu, nakinakili kwenye moduli tupu, nabonyeza Debug, Compile. Kikipita, ndipo naita `AddFromString s`, amri inayoingiza maandishi hayo kwenye moduli. Ikiwa "Require Variable Declaration" imewashwa kwenye mipangilio ya VBA, moduli mpya huja na mstari wake wa Option Explicit. Usiongeze ya pili, italeta ugomvi.

5. Umehifadhi, msimbo haupo. Faili la .xlsx halibebi makro. Tumia .xlsm, yaani `FileFormat:=52` kwenye SaveAs.

6. "Can't enter break mode at this time". Ulikuwa unatembea mstari kwa mstari kwa F8. Mahali msimbo unapoandikwa hapasimamishiki. Weka alama ya kusimamisha msimbo (breakpoint) baada ya hapo, kisha bonyeza F5.