Maji ya Ndege na Nyuki Shambani: Yawe ya Kina Kifupi na Yenye Pa Kutokea

Kuanzia Januari hadi mvua ndefu zinapoanguka, vijito vingi vya upande wa Rongai na Gilgil, Kaunti ya Nakuru, hubaki mchanga mtupu. Ziwa Nakuru liko karibu, lakini maji yake ni ya magadi. Hata heroe (flamingo) wanaojilisha humo hutafuta chemchemi na midomo ya mito ili wanywe na kuoga. Basi nyuki, njiwa, kwale na bundi huja kwenye maji ya mkulima: bomba linalovuja, pipa, silanga (bwawa la kuchimba shambani). Wengi hufia hapo hapo.

Nimeopoa mizoga mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Katika shamba moja la Rongai nilimkuta bundi akielea kwenye pipa lililojaa nusu. Ndiye aliyekuwa akiwinda panya kwenye ghala la mahindi, na mwenye shamba aliumia kweli. Ukuta wa pipa ni laini na umesimama wima, kiumbe akitumbukia hana pa kushika. Silanga iliyotandikwa nailoni nzito ni hatari vivyo hivyo, maana ikilowa huteleza na hata mbwa hushindwa kupanda. Kwa hiyo funika mapipa. Kwenye silanga, teremsha gogo, wavu mkuukuu au kamba nene yenye mafundo kila upande, ukivifunga imara kwenye vigingi vya juu.

Kisha watengee viumbe hao maji yao. Karai pana au sinia la udongo linatosha kabisa. Mimi ningechagua makarai matatu ya namna hiyo kuliko silanga moja kubwa. Pembeni maji yawe sentimita 2, katikati yasipite 5. Panga mawe yanayochomoza juu ya maji, kwa kuwa nyuki hunywa akiwa amesimama pakavu. Nyuki hubeba maji hadi mzingani kupoza joto na kuzimua asali iliyoganda, na wakati wa kiangazi kazi hiyo huwa kubwa. Mwenye mizinga, au mwenye parachichi na maboga yanayotegemea nyuki, aweke maji mapema kabla kiangazi hakijakaza. Wakishazoea bomba la jirani, kuwahamisha ni shida.

Weka karai mahali pa wazi, mita 2 au 3 kutoka kichakani. Ndege atapata pa kukimbilia mwewe akitokea, na paka hatapata pa kuvizia karibu.

Akina mama wengi huniuliza kuhusu mbu, na wana haki. Yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili kufikia mbu anayeruka. Ukimwaga maji yote kila baada ya siku 2, hakuna atakayekomaa humo. Sugua karai kwa brashi bila sabuni, maji machafu mwagia mche wa mti. Ukiona ndege wamezubaa au wamevimba macho, ondoa karai, lisafishe, lianike juani siku kadhaa.

Pampu ya kupulizia dawa isioshwe kamwe karibu na maji haya, wala karai lisikae chini ya mteremko wa shamba linalopuliziwa. Tone la dawa ya wadudu ndani ya karai huua nyuki wale wale uliowaalika.

Aliyepakana na hifadhi ya Ziwa Nakuru au msitu wa Mau asiwawekee nyani wala nyati maji. Wakizoea boma, mazao yataliwa na watu wataumia. Wakija, piga simu kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Maji ya ng'ombe nayo yakae kando, magonjwa yasivuke.

Ukianza, usiache katikati ya Februari, kwa sababu ndege watakuwa wameshazoea kulitegemea karai lako. Jaza asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Mvua zikishashika na madimbwi kujaa, ligeuze karai kifudifudi hadi kiangazi kijacho.