Namna ya kurekodi mistari ya ndege na hali ya hewa isiyo ya kawaida ukiwa Dar

Mistari ya ndege ni ile michirizi myeupe inayobaki angani nyuma ya ndege inayopita juu sana. Anza na daftari, kalamu na simu uliyo nayo. Darubini na kamera kubwa vitasubiri. Rekodi huwa na thamani pale mtu aliyekuwa Mbagala au Kigamboni dakika ileile anapoweza kuilinganisha na yake. Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, nilitumiwa picha nyingi za mawingu ya kutisha. Karibu zote sikuweza kuzitumia, kwa sababu hazikuwa na saa wala mahali. Mpaka leo inaniuma.

Hatua ya 1: Chagua sehemu moja, usihame

Mimi nasimama juu ya paa la zege la nyumba tunayoishi Tabata. Kaskazini-mashariki nina mnara wa simu, magharibi nina mnazi wa jirani. Hivyo viwili ndivyo alama zangu za kila siku. Epuka kupiga picha karibu na uzio wa uwanja wa ndege au kambi ya jeshi.

Hatua ya 2: Saa

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mdomoni tunasema saa 8 na dakika 20 mchana, simu inaonyesha 14:20, na taarifa za hali ya hewa za marubani hufuata saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa 3, yaani 11:20. Daftari langu la mwaka wa kwanza lina kurasa kadhaa zilizoandikwa "saa 8" tu. Ni 08:00 au ni mchana? Siwezi tena kujua, na kurasa zile nimezitoa kwenye hesabu. Siku hizi naandika saa ya simu, tarakimu nne, basi.

Hatua ya 3: Picha tatu

Piga ya kwanza mara tu unapouona mstari, ya pili baada ya dakika 5, ya tatu baada ya dakika 15. Simama palepale, usivute karibu, na alama yako ionekane pembeni. Ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali zilizomo ndani ya faili. Itume kama dokumenti.

Hatua ya 4: Pima kwa mkono

Nyoosha mkono mbele yako. Upana wa ngumi ni kama digrii 10, kidole cha mwisho ni digrii 1, na shubiri ni kama 20. Siku jua likiwa na pete, lifiche kwanza nyuma ya ukingo wa ukuta, usilitazame kamwe, kisha pima: kutoka jua hadi kwenye pete ni digrii 22, shubiri moja na kidogo. Pete hiyo hutokana na chembe za barafu kwenye utando wa mawingu ya juu sana.

Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "17:42. Mstari mmoja, kusini kwenda kaskazini-mashariki, ngumi 4 juu ya mnara. 17:47, umenenepa, kidole 1. 17:57, umekuwa utando, umesogea kulia ngumi 1."

Hatua ya 5: Itambue ndege

Fungua Flightradar24, programu ya simu inayoonyesha ndege zilizo angani, wakati mstari bado unaonekana, uandike aina ya ndege, inakotoka, inakokwenda na kimo. Futi 36,000 ni karibu kilomita 11. Ndege zinazotua au kuruka hapa Dar ziko chini mno, kwenye hewa yenye joto, hivyo haziachi mstari. Mvuke unaoonekana juu ya bawa ndege ikitua siku yenye unyevu ni kitu kingine, uandike peke yake. Ndege yenye mstari mara nyingi inapita tu, pengine inatoka kusini mwa Afrika kwenda nchi za Ghuba.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ninayemheshimu sana, aliniambia mistari hii ni sumu tunayonyunyiziwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, njoo tuandike pamoja." Nilimweleza kwamba kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 1.25 za maji, na mvuke huo ukikutana na hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri hugeuka barafu, kama pumzi inavyotoka moshi asubuhi ya Juni kule Makete. Hewa ya juu ikiwa kavu, mstari hufutika haraka. Ikiwa na unyevu mwingi, hutanda na kukaa. Siku hizi yeye ndiye anayeniita nje. Ukiona mstari umesimama wima upande wa machweo kama roketi, subiri: kwa kawaida ni ndege inayokuja upande wako.

Hatua ya 6: Radi na mvua

Umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, shuka ukaingie ndani.

Kwa mvua, weka kopo lenye upana sawa juu na chini, mbali na bati na mwembe. Kila siku saa 3 asubuhi (09:00), pima kina kwa rula kwa milimita, andika hata kama ni sifuri, mwaga, rudisha palepale.