Kurudisha na kufunga vioo vya pembeni vya Land Rover ya zamani

Vioo vingi ninavyoletewa hapa Malindi havijavunjika, vimeoza kuanzia ukingoni. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa fedha, na juu yake rangi ya kuulinda. Unyevu wa chumvi ukipata upenyo pembeni, fedha hugeuka madoa meusi yanayotambaa kuelekea katikati. Hapa nazungumzia Land Rover za Series II na III, zenye vioo juu ya madigadi za mbele.

1. Fungua bila hasira. Nyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu jioni, ziache hadi asubuhi. Tumia spana za inchi. Ile ya milimita 13 itaonekana kama inaingia kwenye nati ya nusu inchi, kumbe inapwaya, na pembe za nati zitalainika ubaki unazungusha hewa.

2. Toa kioo. Bandika tepu juu yake ili kikipasuka vipande visitawanyike. Mwagia ukanda wa raba maji ya moto, kisha uuvute taratibu.

3. Kata kipya. Weka rula juu ya kioo cha zamani. Ikilala sawasawa, kioo ni bapa. Ikicheza, ni mbinuko. Cha bapa ni rahisi: chora umbo lake kwenye kadibodi, punguza milimita 1 kuzunguka, umpelekee fundi wa vioo. Mwambie na unene pia, kwa sababu kioo cha meza ya kujipambia mara nyingi ni kinene mno kwa fremu hizi. Cha mbinuko hakipatikani kwa kukata kioo bapa. Mimi hutafuta kioo kikubwa cha lori lililochakaa kikatwe humo, na huchukua viwili, maana kimoja huenda kikapasuka mezani.

4. Ziba ukingo. Watu huiruka hatua hii, kisha baada ya msimu mmoja wa kusi wanarudi kulalamika. Safisha ukingo kwa spiriti, ukauke kabisa, halafu upake vanishi kuzunguka pande zote, ikiingia kidogo kwa nyuma. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa pia; mke wangu ameshazoea chupa zake kupotea. Paka mara mbili, uache siku nzima.

Ukigundisha kwa silikoni, inuse kwanza. Ikinuka siki, irudishe dukani. Asidi yake hula fedha ileile unayoihangaikia. Niliwahi kuitumia kwa haraka, na kabla ya miezi miwili kioo cha mteja kilikuwa na ramani nyeusi katikati. Nilikilipa mwenyewe. Siku hizi naomba ile isiyo na asidi.

Kabla ya kufunga, toboa tundu la milimita 3 chini ya kopo la kioo, maji yakiingia yapate pa kutokea.

5. Kromu. Kutu ya juujuu hutoka kwa kipande cha foili ya alumini kilicholoweshwa maji. Usitumie waya wa chuma. Suuza kwa maji ya mvua au ya bomba. Vingi vya visima vyetu vina chumvi. Kausha, paka nta.

6. Tafuta mahali. Keti kwenye kiti chako, mkanda umeufunga, na mtu ashike kioo juu ya madigadi akikisogeza unavyomwelekeza. Cha kulia kitapatikana upesi. Cha kushoto ndicho chenye kazi, hasa kama gurudumu la akiba limelala juu ya boneti, kwani linaweza kukiziba kabisa. Kisogeze mbele au tumia mkono mrefu zaidi. Fungua boneti uone haigongi, ndipo uweke alama.

7. Toboa na utenganishe. Chungulia chini kama kuna nyaya. Anza na drili ya milimita 3, kisha ongeza hadi saizi ya bolti. Madigadi hizi ni za alumini, na chuma kikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, ikawa unga mweupe, na bolti za stenlesi hazikuokoi. Weka raba chini ya mguu wa kioo, bomba dogo la plastiki ndani ya tundu, washa za plastiki, na grisi. Upande wa ndani weka kipande cha bati la alumini ili madigadi isipasuke kwa mtetemo.

Mtetemo huo ni wa zamani. Mwaka 1911 Ray Harroun alishinda mbio za kwanza za Indianapolis, maili 500, akiwa na kioo cha kuangalia nyuma badala ya fundi wa kumkalia pembeni, na inasimuliwa kwamba baadaye alikiri kioo kilitikisika hata asione kitu. Uwanja ulikuwa wa matofali. Kwa hiyo tia washa ya springi kwenye kila nati, endesha kwenye barabara ya vumbi kilomita kumi hivi, kisha rudi ukaze tena.

Mwisho rekebisha kioo hadi uone ubavu wa gari lako kidogo tu, kama upana wa kidole. Cha mbinuko huonyesha pikipiki ikiwa mbali kuliko ilivyo, basi geuza shingo kabla ya kukata kona.