Jinsi ya kuangalia Bikira Maria wa kasri la Waislamu

Wana mnaochora pale Oysterbay kwa Tingatinga, hebu fungueni simu mtafute Bikira Maria kwenye michoro ya Mughal, ule ufalme wa Kiislamu wa India, enzi za wafalme Akbar na mwanae Jahangir, halafu zuum taratibu.

Mwaka 1580 mapadre Wajesuiti walifika Fatehpur Sikri, mji wa kasri la Akbar, na Biblia yenye picha zilizochapwa Ulaya, wachoraji wa kasri wakaanza kuiga, Kesu Das Mhindu, Abu'l Hasan Muislamu, na huyu wa pili alimnakili Mtakatifu Yohana aliyechorwa na Mjerumani Dürer, mwaka 1600 akiwa dogo wa miaka kama 12 tu jamani!

Usianze na sura, anza na mikunjo ya nguo, kile kivuli ni cha Ulaya. Kisha njoo kwenye rangi na dhahabu, hapo India inaongea.

Halafu duara la mwanga kichwani, hapo ndo patamu, Jahangir alilichukua akawa anachorwa nalo mwenyewe.

Na Maria hakuwa mgeni pale, kwa Waislamu ni Maryam na ana sura yake kwenye Kurani, hata mama yake Akbar alipewa cheo cha Maryam Makani, yaani mwenye hadhi ya Maryam.

Ukimaliza chukua penseli, nakili mkunjo mmoja tu wa nguo, kisha mvalishe mama wa Kariakoo kwa khanga.