Spades ya jokari: mbili ya uru isikudanganye

Huku Uyole, Mbeya, mwezi wa saba ikishafika saa moja jioni baridi si ya mchezo, watu tunabanana kwenye jiko la mkaa tunachanga karata, na siku hizi kijiweni kwetu lasti kadi imepoa, wote tumehamia spades. Asili yake Marekani miaka ya 1930, ila sisi tunacheza ile ya jokari mbili.

Mnakuwa wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako anakaa mkabala na wewe. Toa mbili ya kopa na mbili ya pau, ingiza jokari zote, zinabaki 52, kila mtu 13. Turufu, yaani aina inayokula zingine zote, ni shupaza siku zote, na juu kabisa kuna jokari kubwa, jokari ndogo, mbili ya uru, mbili ya shupaza, halafu ndo ree (A) ya shupaza na kushuka. Ikianza kopa na unayo lazima utoe kopa, huna ndo unakata kwa turufu au unatupa chochote. Shupaza huanzi nayo mpaka mtu awe ashakata.

Sasa hiyo mbili ya uru imeliza wengi, sura yake uru lakini humu ni shupaza kamili. Mi wiki ya kwanza nilitaja sifuri, yaani sitakula mzunguko hata mmoja (mzunguko ni kila mtu kutoa karata moja, kubwa inakula), ambayo ukiitimiza unapewa 100, mkononi nina vidogo vitupu na hiyo mbili nikaiona kidogo mwenzao, mtu akaanzisha shupaza, sina turufu nyingine, nikaitoa, nikala, tukakatwa 100. Mzee niliyecheza naye akanitazama tu, "ndaga fijo, kijana," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Chai ya maziwa ya watu wote nililipa mimi.

Kutaja ni kusema utakula mizunguko mingapi, namba yako na ya mwenza zinajumlishwa. Mkisema 5 mkala 6 mnapata 51, mkala 4 mnakatwa 50. Zile za ziada zikifika 10 mnakatwa 100, kwa hiyo uoga nao una bei. Wa kwanza kufika 500 kashinda.

Turufu ziko 16, hizo aina zingine zina 12 tu kila moja, ndo maana kukatwa kwa turufu kunakuja mapema kuliko spades ya kawaida. Ree ya kopa ukiwa na kopa mbili tatu hesabu moja, ukiwa nazo sita usiitegemee, kuna mtu hana hata moja anakusubiri. Kingi aliye peke yake mi simhesabu kabisa. Huna pau na una turufu ndogo tatu? Ongeza moja.

Ukitaja wa mwisho piga hesabu ya wote kwanza. Ikiwa 10 au 11 kuna mizunguko haina mwenyewe, wapinzani watawasukumia nyie, ikifika 13 kuna upande unaweza kuumia, hapo usimlalie mwenza wako na karata kubwa wakati ashashika mzunguko. Akitaja sifuri yeye, toa kubwa zako mapema umfunike.